Sauti ya Kuazima

Jumatatu, 5 Mei

Muhula umeanza kwa mvua na kwa ugomvi. Mvua imetoka juu, ugomvi nimeuanzisha mimi.

Mkuu wa shule alitukusanya chumba cha walimu akatangaza, kwa furaha ya mtu aliyepata mjukuu wa kwanza, kwamba maabara ya lugha imekamilika: kompyuta, skrini inayojaza ukuta, na shule rafiki ng'ambo ambako watoto wanajifunza Kiswahili kama wetu wanavyojifunza Kifaransa. Kila mwanafunzi wangu wa kidato cha mwisho amepangiwa mwenzake wa kule, na hao wawili wataitwa mapacha. Alhamisi watazungumza ana kwa ana kwenye skrini, siku nyingine watatumiana rekodi za sauti. Kubwa zaidi, Bodi ya Mitihani imekubali kwa majaribio kwamba rekodi tatu bora za kila mtoto ndizo zitakazokuwa mtihani wake wa kuzungumza.

Nikauliza kama mwalimu wa Kifaransa aliombwa maoni. Mkuu akasema nilitumiwa ujumbe. Nikamweleza tofauti ya kuombwa maoni na kutumiwa ujumbe, na nikaieleza kwa kirefu. Wenzangu wakaanza kukagua viatu vyao.

Ng'ambo! Watoto hawajui kumsalimu jirani, sisi tunawatafutia pacha ng'ambo.

Jumanne, 6 Mei

Nimepeleka makala gazetini: "Mashine Haina Ulimi". Mhariri ameipenda. Mume wangu amesoma akasema ni kali mno. Basi imeiva.

Alhamisi, 8 Mei

Kipindi cha kwanza cha skrini. Mvua ilipiga bati la maabara mpaka tukawa tunawasikia wageni wetu kama watu waliomo ndani ya pipa. Mwalimu wa kule, bwana mmoja mwembamba ambaye wanafunzi wangu tayari wamempa jina la Miwani, alipunga mkono muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Programu yenyewe ina kitu kinaitwa Zamu. Anayezungumza, picha yake hukua. Akinyamaza kidogo, kengele inalia na nafasi inahamia kwa mwingine. Ukweli usemwe, hicho nimekipenda. Hakuna kupoteza muda. Nikamwambia Bwana Waya, fundi wetu wa kompyuta, kwamba hatimaye mashine imejifunza kufundisha kutoka kwangu. Akacheka, nami nikacheka.

Aliyepata taabu ni Betri. Huyu ni msichana mwenye kigugumizi. Akianza sentensi huenda maneno mawili matatu, kisha hukwama kama redio iliyoishiwa nguvu, ndiyo maana wenzake walimpa jina hilo tangu kidato cha kwanza. Sote tunalitumia na yeye huitika. Kwa maandishi hana mpinzani darasani, na anataka kusoma lugha chuo kikuu awe mfasiri wa vitabu, lakini bila kufaulu mtihani wa kuzungumza mlango huo haufunguki. Mimi simsumbui. Nikimwuliza swali akakwama, namalizia mwenyewe nahamia kwa anayefuata.

Leo alianza kumsalimu pacha wake, binti mwenye nywele fupi na mdomo usiopumzika. Kengele ikalia. Akaanza tena, kengele. Mara ya tatu pacha akauliza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Wewe umepotea?" Darasa likaangua kicheko. Betri akavua visikilizio, akakunja waya zake taratibu, akaketi mikono mapajani hadi mwisho.

Jumatano, 14 Mei

Mvua. Mtandao umekatika. Nimefundisha kwa chaki, nimefurahi kama mtu aliyerudi kwao.

Alhamisi, 22 Mei

Sina budi kuandika hili hata kama mkono hautaki.

Leo nimeketi kusikiliza rekodi za kwanza ili nizipe alama. Wengi ni wale wale ninaowajua: wanatafuna maneno, wanakimbilia mwisho. Kisha nikafungua ya Betri. Nikadhani nimebonyeza jina la mtu mwingine. Nikafunga, nikafungua tena. Sauti ya msichana, tulivu, inapumua mahali pa kupumua, Kifaransa kinateremka kama maji kwenye mfereji. Anaeleza duka la dawa la baba yake, harufu ya asubuhi wakati wa kufungua, wateja wanaonong'ona magonjwa yao. Hajakwama hata mara moja.

Nimeduwaa. Miaka minne nimekaa na mtoto huyu chumba kimoja na sijawahi kumsikia.

Niliwahi kusoma kwamba wenye kigugumizi wengi hunyooka wakiwa peke yao, wakiimba au wakisema na ukuta. Basi ni hivyo. Mashine niliyoitukana imempa ukuta wa kusema nao.

Jumapili, 25 Mei

Nimeandika makala ya kula matapishi yangu. Mume wangu alipoisoma alinigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Alhamisi, 29 Mei

Makala imetoka: "Nilikosea". Nimemsifu "msichana mmoja ambaye sisi tulimdhani bubu, na skrini ikamrudishia ulimi". Jina sikulitaja, lakini shuleni nani asiyejua? Mkuu ameibandika kwenye mbao zote za matangazo, na moja karibu na choo. Walimu wananipongeza kwa ile sauti wanayowapongezea watu waliookoka.

Nilikutana na Betri koridoni nikamshika bega. Akaniangalia kama mtu aliyeniona nikitoka na mfuko wake. Nikajiambia ni haya.

Kwenye skrini bado hasemi. Anapunga mkono, anamwachia pacha wake azungumze. Nikaandika pembeni ya jina lake: ana haya ya hadhara.

Alhamisi, 5 Juni

Rekodi zimezidi kuwa ndefu. Pacha wa Betri amemwambia, kwa Kiswahili kilichovunjika kila kiungo, kwamba mama yake anahama nyumba na baba yake hasemi kitu. Hilo halimo kwenye mada nilizowapa, niliwapa "Usafiri" na "Mazingira". Nikasikiliza jibu la Betri nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Alisema: usimwulize mama yako kwa nini anaondoka. Mwulize Jumapili atakula wapi, kisha nenda.

Kalamu sikuitumia.

Jumatatu, 9 Juni

Mkuu amekuja darasani akikimbia, jambo ambalo tumbo lake halijazoea. Mkaguzi wa Bodi ya Mitihani amesoma makala yangu. Anataka rekodi za Betri zichezwe kwenye mkutano wa wakuu wa shule wote, kama mfano. Mkuu amekwisha kununua tai.

Mvua haijakatika tangu Ijumaa. Ukuta wa maabara umeanza kutoa ukungu wa kijani nyuma ya skrini.

Ijumaa, 13 Juni

Kitindamimba wangu ameajiriwa mapokezi kwenye hoteli na ameanza kujifunza Kifaransa. Si kwangu. Kwa simu. Nilimwambia ni kama mtoto wa mwokaji kununua mkate dukani, akasema, "Mama, mwokaji mwenyewe anapiga kelele."

Jioni nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu nikamsikia Betri akizungumza sebuleni. Nilifurahi. Nikafikiri amekuja nyumbani kuniamkia, au ana shida, na binti yangu amemkaribisha. Nikanawa mikono, nikavua kitambaa, nikatoka nikisema, "Karibu, mwanangu, mbona hukuniita?"

Sebuleni alikuwako binti yangu peke yake, miguu juu ya kochi. Simu kifuani. Na simu ilikuwa ikisema, kwa sauti ile ile, kwa pumzi ile ile kabla ya neno refu, kwamba kifungua kinywa huandaliwa kuanzia saa kumi na mbili na nusu.

Nikaomba simu. Nikauliza hii ni nini. Binti yangu akanieleza kama unavyomweleza mtu mzima aliyelala njiani: unaandika sentensi yoyote, programu inaisoma. Sauti zipo nyingi, yeye amechagua hii kwa sababu ni laini. "Andika na wewe, Mama."

Nikaandika: Duka la baba yangu lina harufu ya asubuhi. Ikasoma. Ilikuwa ni yeye. Yaani hakuwa yeye. Hajawahi kuwa yeye.

Binti yangu aliniuliza mara kadhaa kama ninaumwa. Vitunguu vimeungua, nyumba nzima inanuka. Mume wangu amekula bila kuuliza, hivyo nadhani uso wangu ulimjibu.

Nimeitangaza sauti ya simu kwa nchi nzima kama muujiza wa elimu. Lakini hilo ni langu na nitalibeba. Kinachonitetemesha ni kanuni za Bodi, nimezitoa kabatini kuzisoma: anayewasilisha kazi isiyo yake hufutiwa masomo yote, na hafanyi mtihani tena kwa miaka miwili. Na mimi ndiye niliyewaita waje wamsikilize.

Jumatatu, 16 Juni

Nilimbakiza baada ya kipindi. Nilikuwa nimepanga hotuba. Nikaishia kuweka simu juu ya meza na kubonyeza, ile sauti ikasema habari za kifungua kinywa.

Hakulia. Alikaa. Nikamwuliza nani mwingine anajua, nikamwuliza alianza lini, nikamwuliza kama anaelewa adhabu yake, na kila alipofungua mdomo nilikuwa nimeshafika swali linalofuata. Mwishowe akainua kiganja, kama askari wa barabarani. Nikanyamaza kwa mshangao tu. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kunifanyia hivyo.

Akasema, na sitajaribu kuandika vipande vyake, naandika sentensi ilivyofika: "Maneno yote ni yangu, mwalimu. Sauti tu ndiyo nimeazima."

Nikamwambia mtihani ni wa kuzungumza, sauti ndiyo mtihani.

Akasema alijaribu kwa sauti yake. Kengele ilimkata.

Nikamwambia kwenye rekodi hakuna kengele. Akaniangalia, akachukua muda wake, akasema kengele anayo kichwani tangu kidato cha kwanza, na inalia hata akiwa peke yake chumbani.

Sikumwuliza ina sauti gani. Niliogopa angenijibu.

Jumanne, 17 Juni

Nimemwambia Mkuu. Nilitarajia atapiga meza. Amefunga mlango, akafunga na dirisha, akaniambia tusiwe na haraka. Mtoto akifanya mtihani wake akaenda zake, nani ataumia? Akakumbusha kwamba wafadhili wa skrini wanakuja mwezi ujao. Akasema, kwa upole wa ajabu, "Mwalimu, makala yako ilikuwa nzuri. Iache ilivyo."

Nimepigana na mtu huyu miaka minane nikimdhani mpumbavu. Si mpumbavu. Ni mtulivu, na hilo ni baya zaidi.

Jumatano, 18 Juni

Nimekwenda duka la dawa. Palikuwa na foleni. Nyuma ya kaunta mwanamume mrefu mwenye koti jeupe alikuwa akimweleza bibi mmoja namna ya kunywa vidonge, na alikwama katikati, na foleni nzima ikasubiri bila kugeuka, kama watu wanaosubiri lori lipite. Hapo ndipo nilipojua binti kapata wapi kigugumizi chake.

Zamu yangu ilipofika nilijitambulisha nikaomba tuzungumze faragha. Tukaingia stoo, kati ya maboksi. Nikamweleza yote. Akaanza kujibu, "Binti yangu si—" akakwama.

"Si mwizi," nikamsaidia. "Najua, baba. Hata mimi sidhani ni mwizi."

Akafumba macho. Akasubiri nimalize. Akaanza upya, toka mwanzo, na safari hii niliuma meno.

"Binti yangu si mtoto," alisema. "Atakuja mwenyewe aseme. Na wewe usimsemee. Umeshamsemea gazetini."

Nimezoea kujibizana na wabunge. Nimetoka pale bila kuaga, na mvua ilininyea mpaka kituoni nikiwa na mwavuli mkononi, umefungwa.

Alhamisi, 19 Juni

Wamekuja baba na binti asubuhi, kabla ya kengele. Mbele ya Mkuu, mbele yangu, msichana amesema alichofanya. Imechukua muda. Mkuu alijaribu mara mbili kumwambia basi, yatosha, tumeelewa, na baba akamtazama tu. Kisha mfamasia akamwomba Mkuu aiarifu Bodi leo hii, la sivyo atakwenda mwenyewe.

Mkuu akabaki ameshika tai yake mpya kama mtu anayepima kamba.

Ijumaa, 20 Juni

Bodi imejibu. Kikao ni Alhamisi ijayo, hapa hapa maabara. Mkaguzi atakuja. Msichana atazungumza na pacha wake moja kwa moja, bila maandalizi, na pacha asiambiwe chochote kabla. Kisha wataamua kama wamfutie kila kitu.

Jumatatu, 23 Juni

Mvua.

Leo nimemwuliza swali binti wa mfamasia, darasani, kama ninavyowauliza wengine. Akakwama. Nikasubiri. Kengele ya darasa, yaani mimi, ilikaa kimya. Wenzake wakaanza kuguna, nikawatazama wakaacha. Jibu lilipofika lilikuwa sahihi, na lilikuwa refu kuliko jibu lolote nililowahi kumruhusu atoe. Lilikuwa na mzaha ndani yake. Mtoto huyu ana mzaha!

Nilitoka nikaenda kunywa maji.

Jumanne, 24 Juni

Mume wangu anasema nimeanza kumwacha amalize sentensi zake, na hajui azimalizie vipi. Amezoea kuziacha.

Alhamisi, 26 Juni

Naandika nikiwa bado na koti.

Mkaguzi ni mwanamke mfupi mwenye mafua, na karatasi za kupengea zilikuwa zimejaa mkobani. Alinipa mkono, akaniambia amezisoma makala zangu zote mbili, akanionyesha kiti cha pembeni. "Leo, mwalimu, utakaa pale na hutasema." Baba wa msichana alikaa kando yangu. Mkuu alisimama mlangoni, tayari kwa lolote, au tayari kuondoka. Bwana Waya alizima Zamu bila kuambiwa.

Pacha akatokea kwenye skrini, mkubwa ukuta mzima, anacheka, anapunga mikono yote miwili. Nyuma yake Miwani, ambaye alikuwa ameelezwa na alionekana kama amelala vibaya.

Msichana wetu akaanza salamu kwa Kifaransa. Akakwama kwenye neno la pili.

Pacha akacheka, kwa wema kabisa. "Mtandao mbaya leo," akasema kwa Kiswahili. "Mvua kwenu?"

Hakuna aliyecheka. Msichana akatikisa kichwa. Akaendelea, na ilimchukua muda ambao sijui kuupima. Kwa Kifaransa akasema: si mtandao. Ni mimi. Hivi ndivyo ninavyozungumza.

Kicheko cha pacha kikabaki usoni hakijui pa kwenda. Akauliza, na yule mwingine ni nani?

Ni programu, msichana akasema. Maneno yangu, sauti yake.

Nimeona watu wakipewa habari za msiba. Sijawahi kuona uso wa mtoto ukijifunga namna ile. Pacha alinyoosha mkono, na picha ikazimika. Ukuta mzima ukawa mweusi, na ule weusi ukatuonyesha sisi wenyewe, tumekaa kwenye viti.

Mkuu akakohoa. Mkaguzi akapenga makamasi, akaangalia saa. Nilikuwa nimeshanyanyuka nusu, nina la kusema, nina mengi ya kusema, kwa lugha zote mbili. Mfamasia hakunigusa. Alinitazama kama alivyomtazama Mkuu siku ile. Nikaketi.

Msichana hakuketi. Aliendelea kuusemesha ukuta mweusi. Kwa Kifaransa, akikwama, akitoka, akikwama. Akasema alipomwona siku ya kwanza alimpenda kwa sababu alikosea kila neno na hakuona haya. Akasema aliogopa kwamba mtu kama huyo hatamsubiri. Akasema hapo alimkosea, kwa sababu hakumpa nafasi ya kusubiri.

Kisha sauti ya pacha ikatoka bila picha, kwa Kiswahili, na ilikuwa ndogo sana. "Yale ya Jumapili. Kuhusu mama yangu. Ilisema mashine?"

Hapo msichana alikwama kuliko nilivyowahi kumwona. Kope zinapiga, shingo imekaza, sauti ya kwanza ya neno inagonga na haifunguki. Sote chumbani tulilijua neno lenyewe. Ni neno la "hapana", mtoto wa chekechea analijua. Mkaguzi alifungua mdomo amsaidie, nikaona midomo yake ikijiandaa, na moyoni nilimwomba kwa nguvu zangu zote asithubutu. Akaufunga.

Neno likatoka. Hapana. Hayo ni yangu.

Na akaeleza. Akasema mama yake mwenyewe alipohama, yeye alimwuliza kwa nini. Alimwuliza kila siku kwa simu, akikwama, mpaka mama akaacha kupokea. Akasema, kama ningemwuliza atakula wapi, labda leo ningekuwa nakula naye.

Mfamasia hajui Kifaransa. Aliliona tu koo la binti yake, na pacha ambaye sasa alikuwa amerudi ukutani, macho mekundu, akinyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Akaniinamia akauliza kwa shida binti yake amesema nini.

Ningeweza kumfasiria neno kwa neno. Kazi yangu ndiyo hiyo.

"Atakuambia mwenyewe," nikasema.

Waliendelea wale wawili muda mrefu baada ya hapo. Mkaguzi alikuwa ameacha kuandika.

Jumatatu, 30 Juni

Uamuzi umefika. Rekodi zote zimefutwa. Kwa kuwa alijitaja mwenyewe kabla hajatajwa, hafutiwi masomo mengine na hafungiwi. Mazungumzo ya Alhamisi yamekubaliwa kuwa mtihani wake wa kuzungumza. Amefaulu, kwa kupenya tu. Kwenye ufasaha wamemkata karibu zote. Maelezo: "husita".

Husita! Nimesoma neno hilo nikasimama, nikaketi, nikasimama. Mtu amesema mambo ambayo mabalozi hawathubutu kuyasema, kwa lugha ya kujifunza, mbele ya ukuta mweusi, na Bodi imemwona anasita. Nimefungua kompyuta. Makala imeandikika mara moja, haina hata kufuta. Ni bora kuliko zote nilizoandika maishani mwangu. Nimewapa vidonge vyao Bodi, Mkuu, kengele, wafadhili, na mwalimu mmoja wa Kifaransa mwenye mdomo.

Alhamisi, 3 Julai

Nilimkuta maabara, amewahi kabla ya wenzake, anazungumza na pacha wake kuhusu nini sijui, maana walinyamaza waliponiona, kama wasichana wote duniani. Nilikwenda kumpa habari kwamba makala inatoka Jumapili. Nikamsomea mwanzo wake. Nilisoma vizuri, sauti yangu mwenyewe ilinitia baridi.

Akaanza kusema kitu. Nikasubiri.

"Usiiandike, mwalimu."

Nikamwambia imeshaandikwa. Nikamwambia si kwa ajili yake tu, ni kwa ajili ya wote wanaokatwa na kengele nchi hii. Nikamwambia jina lake halimo. Nikamwambia safari hii kila neno ni kweli. Alisikiliza mpaka nikaishiwa, na sikumbuki mara ya mwisho mimi kuishiwa.

Kisha akachukua muda wake.

"Umeandika vizuri sana," alisema. "Ndiyo maana sitaki."

Ijumaa, 4 Julai

Mvua imekatika. Mhariri amepiga simu kuuliza makala iko wapi, ukurasa unangoja. Nimemwambia wiki hii sina la kusema. Akawa anaita, halo, halo. Alidhani laini imekatika.